Kuku Kishingo

Jirani zangu wananishauri nichinje kuku wangu wote wa kishingo, nilete jogoo wa kisasa. Wanasema shingo tupu ni dalili ya unyonge. Nimekataa.

Upara ule hauletwi na njaa wala maradhi. Ni jeni moja, tena yenye nguvu: kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja tu, shingo huwa tupu. Mwaka 2011 wataalamu wa Edinburgh waligundua chanzo chake, kipande cha kromosomu ya 1 kilichojipachika katika kromosomu ya 3. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupungukiwa manyoya mwilini kwa kiasi cha asilimia 40, na joto humtoka upesi. Hapa Tanga, adhuhuri ya Februari, kuku wengine huhema kivulini midomo wazi, kishingo anachakura.

Siku hizi alama za vinasaba humwonyesha mtaalamu kuku gani amebeba nini, hata kisichoonekana kwa macho. Ni elimu kubwa. Lakini alama huonyesha kilichopo. Tukishachinja, ataipima damu ipi? Nimebakiza majogoo wawili wa kishingo, na mitetea ya kijiji hupandwa bila malipo.