Barua kutoka Detroit: Magari ya Misuli

Gari la misuli, kwa maana waliyoizoea Wamarekani, ni gari la kawaida la ukubwa wa kati lililotiwa injini ya gari kubwa. Bodi nyepesi, milango miwili, silinda nane, na bei ambayo kijana wa kiwandani aliimudu. Pontiac ndiyo inayotajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa mtindo huo. Kwa gari la mwaka 1964, mhandisi wake mkuu John DeLorean na wenzake walichukua injini ya lita 6.4 na kuipachika kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, na kuliita GTO. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imeweka kikomo cha injini kwa magari ya ukubwa huo, na injini hiyo ilikivuka. Wakapata ujanja: GTO haikutangazwa kama gari jipya, bali kama nyongeza ya dola 295 juu ya bei ya gari ambalo tayari lilikuwa limeruhusiwa. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 32,000, na wakubwa wakanyamaza.

Wapinzani hawakulala. Kufikia 1966 Chrysler ilikuwa ikiuza kwa matumizi ya barabarani injini yake ya Hemi, lita 7, yenye nguvu za farasi 425. Mwaka 1968 Plymouth, tawi la Chrysler, ilitoa Road Runner, gari lililopunguziwa mapambo ili bei ishuke, huku kampuni hiyo ikiwalipa Warner Bros. dola 50,000 kwa haki ya kutumia ndege wa katuni mwenye jina hilo na mlio wake kwenye honi. Kilele kilifikiwa 1970, Chevrolet ilipoipa Chevelle SS injini ya lita 7.4 na farasi 450. Baada ya hapo mteremko ulikuwa mkali. Bima za vijana zilipanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, viwanda vikapunguza mgandamizo wa injini ili zikubali petroli isiyo na risasi, kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta. Hata takwimu zilibadilika: zamani nguvu ilipimwa kwa injini tupu juu ya benchi, lakini kuanzia magari ya 1972 ikapimwa ikiwa na vifaa vyake vyote, na farasi wengi wakatoweka kwenye karatasi bila mtu kugusa nati.

Kwa msomaji wa Kenya, ambako gari lililotumika likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, bei za magari haya leo zinaweza kuonekana za kichaa. Mwaka 2014, Plymouth Hemi Cuda ya 1971 yenye paa la kukunja iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Zilitengenezwa 11 tu. Uchache wa namna hiyo ndio unaoinua bei, na bei ndiyo inayozaa udanganyifu. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huanza na namba kabla hata ya kufungua boneti. Kwenye Plymouth ya 1970, herufi R katika nafasi ya tano ya namba ya gari huthibitisha kwamba lilizaliwa na Hemi. Chevelle ya mwaka huohuo haina wema huo: namba yake haisemi kama ni SS, hivyo Chevelle Malibu ya kawaida inaweza kuvishwa nembo na kuuzwa kwa bei ya nduguye. Hapo hutafutwa karatasi ya kiwandani, ambayo mara nyingi hukutwa imesahaulika juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti.

Adui mkubwa zaidi ni kutu. Barabara za Michigan humwagiwa chumvi kila majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi nyingine huchimbwa chini ya Detroit penyewe, zaidi ya mita 300 ardhini. Mji uliounda magari haya unakalia kitu kilichoyala. Sakafu, buti na madigadi ya nyuma ndiyo huoza kwanza. Fundi hupitisha sumaku juu ya bodi: ikikataa kunata, chini ya rangi kuna puti. Kisha gari huvuliwa hadi chuma kitupu, likapigwa mchanga, sehemu zilizooza zikakatwa na mpya kuchomelewa. Kazi hii fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, angeielewa bila mkalimani. Kinachoweza kumshangaza ni spea: kampuni za Marekani hutengeneza upya karibu kila kipande, na kwa Camaro na Mustang za zamani mtu anaweza kununua bodi nzima mpya ya chuma.

Injini ni rahisi kuliko inavyotisha. Silinda huchongwa upya, pistoni zikaongezwa kipimo, na viti vya valvu vikabadilishwa kwa chuma kigumu, kwa kuwa vile vya awali vilitegemea risasi iliyokuwa ndani ya petroli.

Baada ya hapo njia zinagawanyika, na mabishano hayaishi. Kundi moja hulirudisha gari jinsi lilivyotoka kiwandani, hadi alama za chaki za wakaguzi na rangi iliyoruka pembeni. Kwenye mashindano yao, rangi iliyo laini kuliko ya kiwandani inaweza kukatiwa alama! Kundi la pili huliacha umbo la nje na kubadili vya ndani: breki za diski badala ya ngoma, uwashaji wa kielektroniki badala ya pointi, gia tano au sita, na mara nyingi injini ya LS, ambayo Chevrolet iliianzisha kwenye Corvette ya 1997. Gari adimu lenye injini yake ya asili ni ushahidi wa historia, na kulikata ni uharibifu. Lakini yaliyo mengi yalikuwa bidhaa za kawaida, na vijana waliyachokonoa tangu wiki ya kwanza. Kuyakataza mabadiliko leo ni kuyapa heshima ambayo hayakuwahi kuiomba. Breki angalau zibadilishwe. Tani moja na nusu na zaidi kwenye breki za ngoma za 1968 si jambo la mzaha.

Yaliyokamilika huonekana Jumamosi ya tatu ya Agosti kwenye barabara ya Woodward, kaskazini mwa Detroit, katika msafara unaofanyika tangu 1995. Kasi huwa ndogo kuliko ya daladala, nao wazee huketi kwenye viti vya kukunja kando ya barabara wakibishana kuhusu kabureta. Lita moja ya petroli hutosha kilomita nne hadi sita, foleni ikikubali. Baridi inapokaribia magari hurudishwa gereji: tangi hujazwa na kutiwa dawa ya kuzuia petroli kuchacha, betri huunganishwa na chaja ndogo, na bomba la moshi huzibwa, maana panya wa Michigan hupenda kulala humo, na wakiingia ndani ya gari hawaachi waya.