Choa Kilichofichwa na Dawa

Kilianza kama duara dogo kiunoni, pale ninapofunga kanga nikienda shambani. Sisi wakulima wa mpunga wa Mabogini, huku tambarare ya Moshi, tunashinda kwenye matope na jasho, hivyo sikushtuka. Ukingo wake uliinuka na kutoa magamba, katikati pamepoa. Yeyote kijijini angekiona angesema ni choa.

Dukani niliuziwa mrija wa dawa ya kupaka. Muwasho ulitulia, kisha ukarudi kwa nguvu. Wekundu ukashuka mapajani, ukapanda hadi chini ya matiti, na yale maduara hayakuonekana tena. Nikipaka panatulia, nikiacha panawaka. Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema nimelogwa, wengine wakanitajia Ukimwi, tena si kwa kunong'ona. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa nikaachiwa benchi peke yangu. Usiku nilijikuna mpaka damu, huku nalia. Namshukuru Mungu kwa wifi yangu, aliyenishika mkono hadi kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC, ambako tangu 1992 wanafundishwa wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

"Mama, umekuwa ukipaka nini?" Hilo ndilo swali la kwanza la daktari. Nikampa mrija, naye akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo: betamethasone. Ni steroidi. Huzima muwasho kwa kupunguza ulinzi wa mwili pale ilipopakwa, na fangasi waletao choa, wakikosa wa kuwazuia, husambaa. Kisha akakwangua magamba kidogo, akayaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi. Kemikali hiyo huyeyusha ngozi iliyokufa, na nyuzi za fangasi zikabaki wazi kwenye hadubini. Kipimo rahisi namna hiyo kingestahili kufanywa popote penye hadubini.

Akaniambia nivue viatu. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za miguu. Kucha za vidole gumba zilikuwa nene, za njano, zinamong'onyoka, kama za wenzangu wengi wanaoshinda majini. Kumbe huko ndiko lilikokuwa ghala, fangasi wakitoka humo kurudi mwilini.

Nilipimwa ini kwanza, ndipo nikaanza vidonge vya terbinafini, miligramu 250 kila siku kwa wiki 12. Ngozi ilipona mapema. Kucha ina mwendo wake: ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota yote upya, kwa hiyo vidonge huisha ikiwa bado mbaya, na wengi hukata tamaa hapo. Mjukuu wangu naye alikutwa na mapunye, yaani fangasi wa kichwani, akapewa vidonge vya griseofulvini, maana dawa ya kupaka haifiki kwenye shina la unywele.

Ndugu yangu, ukiuziwa dawa ya choa, soma mrija kabla hujalipa. Ukiona steroidi kama betamethasone au clobetasol, uache hapo hapo dukani, uende ukapimwe ngozi. Na ukifika kwa daktari, mwonyeshe miguu hata kama hajakuuliza.