Ndoa Yenye Kazi ya Mungu Ndani Yake



Mfungo mosi umeingia na harusi zimefuatana, alhamdulillah. Biharusi anafundishwa mengi na somo yake: singo ya mwili, udi wa kufukiza nguo, asumini za kitandani, namna ya kumpokea mume akirudi kazini. Yote mazuri, na sisi hatuyapuuzi hata kidogo. Ila kuna swali moja ambalo somo halifundishi na wazee wa pande mbili hawalitaji siku ya posa. Nyinyi wawili, mkishakuwa mume na mke, mtamfanyia Mwenyezi Mungu kazi gani pamoja?

Hatuzungumzii swala tano wala kufunga Ramadhani. Hizo kila mtu ataulizwa peke yake. Tunazungumzia kazi mnayoishika wawili, inayokula muda wenu, pesa zenu na wakati mwingine usingizi wenu.

Tukimtaja Bibi Khadija (r.a.) mara nyingi tunataja mali yake na umri wake, basi. Lakini hebu tumtazame mwaka ule wa 610. Mtume (s.a.w.) ametoka pango la Hira anatetemeka, na mtu aliyemkimbilia ni mkewe. Akamfunika nguo, akamtuliza kwa kumkumbusha wema anaowafanyia jamaa na wanyonge, kisha akampeleka kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee mwenye elimu ya vitabu. Baadaye Makureshi waliposusia ukoo wa Bani Hashim, mwanamke huyu aliyezoea misafara ya biashara alikaa kwenye bonde lile na njaa ile pamoja na mumewe. Akafariki 619, miaka mitatu kabla ya Hijra. Madina hakuiona. Kazi aliyoianza na mumewe aliiacha ikiwa bado ina maadui wengi na watu wachache.

Mwengine ni Bibi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud. Alikuwa akifanya kazi za mikono na mumewe hakuwa na kitu. Alikwenda kuulizia kama sadaka yake inafaa kumpa mume na mayatima anaowalea, na jibu la Mtume lilikuwa kwamba inafaa, na ana malipo mara mbili. Mmoja wetu anakipenda sana kisa hiki, kwa kuwa na yeye cherehani ndiyo inayolipa nusu ya kodi ya nyumba.

Kwetu, kazi yenyewe ni chuo. Mmoja ni fundi umeme, mwengine anashona sare za skuli na nguo za harusi. Baada ya alasiri wanakuja watoto wa mtaa kusoma Kurani, wavulana barazani, wasichana ukumbini, mpaka magharibi. Tulianza na watoto sita mwaka wa kwanza wa ndoa. Sasa wako arubaini na tatu. Ada ni shilingi mia tano kila Alhamisi kwa mwenye nayo, na wasiokuwa nayo ni wengi kuliko wenye nayo. Mikeka inachakaa, misahafu inachanika majuzuu ya mwisho kwa sababu Juzuu Amma ndiyo inayoshikwa na kila mtu, na choo ni kimoja. Siku ambazo mama wa chuo hashiki msahafu, msichana mkubwa anasomesha, na yeye anakaa na wadogo kuwafundisha kutawadha, herufi na adabu. Hakuna siku ya kufunga kwa sababu hiyo.

Mwaka wa nne ikaja simu kutoka Muscat. Ami yetu mmoja anafanya kazi huko, na katika kampuni yake imetoka nafasi ya fundi umeme, mshahara karibu mara nne ya anaopata hapa. Dada zetu, msituone malaika. Tulifurahi. Tulikuwa na kiwanja Fuoni chenye msingi na rundo la matofali yaliyokwishaota majani, na mtoto wa pili alikuwa njiani. Usiku ule tuliezeka nyumba nzima kwa maneno, tukatia na vigae.

Kwa maoni yetu safari ya Omani si kosa. Watu wangapi wametoka Unguja na Pemba wakaenda, wakasomesha wadogo zao, wakachimba visima kwao? Hiyo nayo ni kazi ya Mungu. Swali letu lilikuwa jengine: hii kazi yetu itabaki na nani? Wasichana wangeendelea. Wavulana ishirini na kitu wangebaki bila maalim, na chuo kingine cha karibu kiko ng'ambo ya barabara kuu ya daladala. Tuliswali istikhara kila mmoja kivyake. Siku ya tatu tukakaa na daftari, tukaandika matumizi yote, mpaka unga na mafuta ya taa. Ilionekana kwamba kwa tunachopata tunaishi. Nyumba ndiyo haitoinuka upesi.

Tukamjibu ami kwamba hapana. Mama wa upande wa mume hakutusemesha siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Haya, mwezekee nyumba hiyo Juzuu Amma tuone." Lilituchoma, na tunamuelewa, maana yeye amekaa nyumba za kupanga maisha yake yote.

Si lazima yenu iwe chuo. Tuna majirani, mume na mke, kazi yao ni maiti. Akifariki mwanamke, bibi anakwenda kuosha na kukafini. Akifariki mwanamme, anakwenda bwana. Simu inalia saa nane usiku, na hawaulizani nani amechoka. Ndani ya kabati lao kuna sanda na kafuri daima, kwa pesa yao. Wengine tunawajua wanalea yatima mmoja tu, kimya kimya, na wengine kazi yao ni kuamshana kwa tahajudi na kuwaombea wagonjwa wa mtaa kwa majina.

Basi wewe unayeposwa, uliza. Kupitia walii wako, au mkikutanishwa mbele ya wazee, si haya wala si ukaidi. Usiulize "Je, unapenda dini?" kwa sababu hakuna mchumba atakayejibu hapana. Uliza ana kazi gani ya kheri anayoifanya sasa hivi kabla hajakuoa, wiki hii, na nani anamsaidia. Mwambie na yako. Umm Sulaym (r.a.) alipoposwa na Abu Talha alitaka mahari yake yawe kusilimu kwake tu, na baadaye watu hao wawili ndio waliowalaza watoto bila chakula ili mgeni wa Mtume ale ashibe. Alijua anachokitaka tangu siku ya posa.

Na ukisha ingia nyumbani, msianze na kubwa. Sisi tulianza na watoto sita na mkeka mmoja wa kuazima.

Nyumba ya Fuoni sasa imefika kwenye madirisha. Wiki iliyopita ami kapiga simu tena, imetoka nafasi nyengine. Tukamwambia kuna watoto wanne wamebakisha majuzuu matatu wahitimu. Akacheka, akasema Waarabu hawasubiri majuzuu matatu. Tukamuomba basi ampe nafasi hiyo kijana wa jirani, naye ni fundi mzuri, na ameshaanza kutafuta pasi.