Tangu Siku za raidtab
Fundi kijana wa seva akifungua /proc/mdstat leo akakuta [U_] mahali pa [UU], anajua mara moja kwamba safu ya RAID imebaki na diski moja, na amri tatu za mdadm anazo kichwani: --fail, --remove, --add. Asichokijua ni woga uliotangulia wepesi huo, nao ulikuwa na faida. Kabla Neil Brown hajaanza kuandika mdadm mwaka 2001, watu wa Linux walitegemea raidtools, na safu nzima ilielezwa katika faili moja, /etc/raidtab. Kila diski iliandikwa humo kwa mkono, kwa mpangilio wake. Iliyokufa iliitwa failed-disk badala ya raid-disk, ili isiguswe. Aliyeunda safu upya kwa mpangilio uliokosewa aliweza kupoteza kila kitu. Ndiyo maana mkraid, amri ya kuunda safu, haikuridhika na --force. Ilidai --really-force, na kabla ya kuliandika neno hilo mtu alirudi kusoma faili lake mstari kwa mstari.

Atakayejibu kwamba mdadm ni salama zaidi, kwa kuwa inasoma maelezo ya safu kutoka kwenye diski zenyewe, anasema kweli, na sidai turudi kwenye raidtab. Lakini mdadm haikuondoa kosa la mkono. Jina kama /dev/sdb laweza kuhamia diski nyingine mashine ikiwashwa upya, na anayechomoa kwa kufuata jina, bila kulinganisha namba iliyobandikwa kwenye diski, huenda akachomoa ile nzima. Tena hatari yenyewe imekua. Diski ya GB 18, ikiandikwa kwa MB 20 kila sekunde, ilijaa kwa robo saa. Ya TB 16, hata kwa MB 200, inahitaji saa 22 hivi, na muda wote huo mwenzake, mara nyingi wa umri uleule, anasomwa mwanzo hadi mwisho. RAID 6 ilikuja na kerneli 2.6 ikavumilia vifo viwili, lakini jozi ya diski mbili haina nafasi hiyo. Basi kabla ya --add, nakala ya nje ichukuliwe wakati diski iliyobaki bado inasomeka, smartctl iulizwe hali yake, na kama seva inawakia kwenye safu hiyohiyo, GRUB iwekwe kwenye diski mpya pia.