Jiwe Lenye Matundu

Binti yangu wa pili ni muuguzi mjini Sheffield, Uingereza. Nilipokwenda kumjulia hali mwezi wa Agosti mwaka jana, alinitembeza madukani na viwanjani hadi miguu ikaniuma. Siku moja ya mapumziko yake akaniambia, "Baba, leo twende mashambani ukaone kanisa." Nikacheka. Mimi mtu wa Vihiga, nivuke bahari kwenda kutazama mashamba na kanisa! Hata hivyo tukapanda basi.

Kijiji chenyewe huitwa Eyam, nao wenyeji hutamka "Iim". Kiko kwenye vilima vya Derbyshire. Nyumba za mawe zimepangana kando ya barabara nyembamba, na kondoo wanakula nyasi ng'ambo ya ukuta. Katikati ya kijiji ndipo lilipo kanisa la Mtakatifu Lawrence. Uani mwake mna msalaba wa mawe uliochongwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ukutani pana saa ya jua ya mwaka wa 1775. Nilidhani hayo ndiyo tuliyoyafuata. Kumbe!

Mwaka wa 1665 tauni ilikuwa ikiwafyeka watu wa London. Fundi wa nguo wa Eyam akaletewa robota la kitambaa kutoka huko, nacho kilikuwa kimelowa maji. Msaidizi wake, George Viccars, akakianika mbele ya moto. Inaaminika kitambaa hicho kilijaa viroboto, ingawa zama hizo hapakuwa na aliyejua kwamba kiroboto hueneza tauni. Mapema mwezi wa Septemba Viccars akafa, kisha maiti zikaanza kutoka nyumba hii hadi ile.

Kufikia Juni 1666 wengi walitaka kukimbia. Kasisi, William Mompesson, alikuwa kijana na mgeni kijijini. Wengi bado walimsikiliza Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa kazini kwa kukataa kufuata kanuni za kanisa la serikali. Wawili hao, ambao hata salamu ingekuwa shida, wakaketi pamoja wakaafikiana, na watu wakakubali: asitoke mtu, asiingie mtu. Kanisa likafungwa, ibada ikahamia bondeni, kila jamaa ikisimama mbali na wenzake. Kila nyumba ikawazika wafu wake yenyewe, bustanini au shambani.

Huko nje kidogo ya kijiji, mahali paitwapo Riley, mna makaburi ndani ya ukuta wa mviringo. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita mnamo Agosti 1666, wote katika muda wa siku nane. Aliwazika peke yake.

Nilisimama pale nikashindwa kusema. Mwezi wa Juni 2020 baba yangu alifariki nyumbani, nami niko Nairobi. Jiji lilikuwa limefungwa tangu Aprili kwa sababu ya Korona. Rafiki yangu mwenye lori alikuwa tayari kunipitisha njia za panya usiku. Nikampigia mama simu nimweleze. Akasema, "Usije. Huku wazee ni wengi." Baba akazikwa na watu 15, mimi kifungua mimba wake nikitazama picha kwenye simu. Nilimkasirikia mama kwa miaka. Kwetu, mwana asiyemwaga udongo kaburini mwa babaye huulizwa maswali mpaka uzeeni.

Lakini sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba kila kitu cha Eyam kilinifurahisha. Kabla ya kuwaomba watu wasitoke, Mompesson aliwapeleka watoto wake wawili Yorkshire, salama salimini. Hapo nilinuna. Binti yangu akanionyesha kaburi uani mwa kanisa: Catherine, mke wa Mompesson, aliyekataa kuondoka na wanawe. Alikufa Agosti 1666, umri wake miaka 27. Basi nikanyamaza, ingawa bado sijamsamehe kasisi huyo yote. Tauni ilipokoma Novemba, takriban watu 260 walikuwa wamekufa.

Jioni tulitembea hadi kwenye jiwe la mpakani, upande wa kijiji cha Stoney Middleton. Lina matundu. Wanakijiji waliweka sarafu humo na kuzimwagia siki ili kuua ugonjwa, nao majirani wakaacha vyakula na kwenda zao. Nilitia kidole katika tundu moja. Lilikuwa na maji ya mvua. Nikatoa simu nikampigia mama, nikamsimulia habari yote hiyo huku kondoo wakinitazama.

Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Na huyo mama wa watoto sita, alimalizia wapi siku zake?"

Nikamwambia yasemekana alihamia Sheffield, kwa mwanawe mmoja aliyebaki hai.

"Alimpokea?"

"Alimpokea, mama."

Kimya kikapita, nikadhani laini imekatika. Halafu akaniuliza nitarudi lini, kwa sababu ua la kaburi la baba limeanza kuanguka na yeye hawezi kuchimba mashimo ya nguzo.