Bumu la Watu Wawili

Mwanangu alizaliwa semista ikiwa imeshaanza, mwaka wangu wa pili wa shahada ya ualimu, Dar es Salaam. Walionitakia mema walinishauri niahirishe mwaka. Ushauri haukuwa mbaya, ila waliokuwa wakiutoa hawakunilipia kodi ya chumba. Ukiahirisha masomo, mkopo nao unasimama, na mimi bila bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo huo, nisingekaa mjini. Baba mtoto alikuwa na kibarua Mtwara, anatuma alichojaliwa. Nikaamua kuendelea.

Mama alikuja kutoka Korogwe na masharti yake: hakuna kutoka nje kabla ya arobaini. Tulivutana mpaka tukapatana kwamba vipindi nitaletewa madesa, lakini majaribio nitakwenda mwenyewe, kwa kuwa alama 40 kati ya 100 zilitokana na majaribio na kazi za semista. Siku ya jaribio la kwanza alinifunga khanga tumboni kwa mkono wake, akaikaza hadi nikashindwa kuvuta pumzi, ndipo akaniruhusu nivae gauni juu yake.

Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Katikati ya swali la pili maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Anayenyonyesha anajua, matiti hayangoji msimamizi atangaze muda umekwisha. Nilivuta mtandio mbele nikaendelea kuandika, na karatasi yangu ilikusanywa ikiwa na doa kwenye pembe.

Mama aliporudi kwake, mtoto akawa anashinda kwa jirani yangu, muuza maandazi niliyemwita shangazi. Nilimlipa kidogo, na jioni nikamsaidia bintiye hesabu za shule. Nesi wa kliniki alinielekeza kukamua maziwa kwenye kikombe kilichochemshwa, mtoto anyweshwe kwa kikombe hicho hicho, chupa tuachane nayo. Kwa joto la Dar, alisema, hayo maziwa ni ya saa chache tu. Kwa hiyo ratiba yangu yote, kuanzia darasa gani niende hadi daladala gani nipande, ilipangwa kwa kikombe.

Chuoni pa kukamulia hapakuwepo. Nilianza chooni, nimesimama, mlango haufungi, mkono mmoja umeushikilia. Mhadhiri mmoja nilipomwomba ruhusa ya kutoka dakika chache alinijibu mbele ya darasa kwamba chuo si kliniki. Watu walicheka. Mwingine, mama mtu mzima ambaye hata hakuwa akinifundisha, alinikuta kwenye korido nikifuta machozi. Aliniuliza mtoto ana umri gani, kisha akasema, "Mwanangu, saa nne na nusu huwa sipo ofisini. Ufunguo utauchukua kwa mhudumu." Basi. Hakunihutubia wala hakunionea huruma ya mdomoni. Ofisi ile ndiyo iliyonivusha semista.

Kazi za kikundi nazo zilikuwa na shida yake. Wenzangu walikutana vimbwetani saa mbili usiku, muda ambao mimi nilikuwa nikiogesha mtoto. Nikajitolea kuchapa. Waliona wamenipa kazi ndogo, kumbe mchapaji ndiye pekee anayesoma kila sehemu ya kila mtu. Usiku nilimbeba mtoto mgongoni nikipiga msuli kwa sauti, maana sauti ilimtuliza. Alilala kwa Mkutano wa Berlin, na Vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, tulivipigana karibu kila usiku hadi mtihani ukafika. Nilibeba sapu moja, ya takwimu. Niliirudia, nikafaulu.

Bumu lenyewe lilikuwa la kulisha mwanafunzi mmoja. Pampasi zilikuwa za siku ya kliniki tu, siku nyingine ni nepi za kitambaa, na kamba ya kuanikia ilipita juu ya meza yangu ya kusomea.

Baadaye niliisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiriwa akijifungua anapata siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na akirudi ana haki ya kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Karani wa chuo aliyepokea fomu zangu dirishani analindwa na sheria hiyo. Mimi niliyesimama nje ya dirisha simo, kwa sababu mwanafunzi si mwajiriwa. Kwa upande wa shule, tangu Novemba 2021, wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wameruhusiwa kurudi shuleni, na ni jambo jema. Ila anayerudi anarudi na matiti yaliyojaa, na ruhusa peke yake haimpi pa kwenda saa nne na nusu.

Wakuu wa vyuo, hatuombi makubwa: chumba kimoja karibu na madarasa, chenye kitasa, kiti, bomba la maji na friji ndogo. Si haki jambo hilo liachiwe wema wa mhadhiri mmoja mwenye ufunguo.