Harusi ya Makuti Simbo: Picha Mliziona, ya Jumatatu Hamkuyaona

Picha za geti lile zilizunguka wiki nzima. Makuti ya michikichi yamepindwa yakakutana juu, migomba miwili imesimama pembeni kama walinzi, vibuyu na maboga chini, na bi harusi katikati anacheka mpaka jino la mwisho. Watu wakaandika kwamba hapo imetembea milioni tano. Wengine wakaapa mpambaji kaletwa kutoka Dar kwa ndege. Hakuna hata kimoja cha kweli.

Bi harusi, jina kapuni, ni mtoto wa Simbo, pale barabara inapochepuka kwenda Ilagala na Kalya. Anaishi Dar, anauza mawigi mtandaoni, na ukimtazama kwenye simu unadhani pesa inamwagika tu. Ukweli ni kwamba ahadi za kamati zilikuwa nyingi kwenye daftari na chache kwenye simu ya mweka hazina. Mama yake alikuwa ameshakopa kikoba. Mpambaji wa mjini Kigoma alipotuma hesabu ya vitambaa, maua ya plastiki na taa, laki nane na nusu, bi harusi aliisoma meseji akazima simu.

Wazo la majani alilipata Instagram, kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani. Kule ikifika Oktoba majani yanageuka rangi na kupukutika, watu wanapamba milango kwa maboga, mahindi na matawi makavu. Simbo hakuna msimu huo. Kuna kiangazi na kuna mvua, basi. Lakini michikichi ipo kila unapogeuza shingo, na shangazi yake ana zaidi ya arobaini nyuma ya nyumba. Akawaza, hii si bure kabisa?

Alhamisi asubuhi mpambaji akatua na kirikuu na vijana wawili wenye mapanga. Wakaanza na michikichi mifupi, ile michanga, maana haihitaji kupanda na makuti yake ni mabichi, yanapendeza kwenye kamera. Walikuwa wameshakata tisa shangazi alipotoka, kanga kiunoni.

"Mwakeye. Nani kawaambia mkate mafuta yangu?"

Mpambaji akacheka. "Shangazi, ni majani tu haya."

"Majani? Njoo huku, baba."

Akampeleka mpaka kwenye shina, akamwonyesha palipokatwa. Kila kuti la mchikichi lina ua moja kwapani mwake, na ua la kike ndilo linalokuja kuwa mkungu wa chikichi. Mti wenyewe hutoa kama makuti mawili tu kwa mwezi. Ukiunyoa mabichi unakosa cha kujilishia, unachoka, halafu unaanza kutoa maua mengi ya kiume, ambayo hayazai kitu. Na ubaya ni kwamba hasara huioni kesho. Inakuja mwaka unaofuata au zaidi, wakati bi harusi yuko Dar na picha zimeshasahaulika.

Kwa shangazi mawese siyo stori ya watalii. Ndiyo ada, ndiyo dawa, ndiyo hata mchango wa harusi aliokuwa ameahidi. Tena ile mifupi ilikuwa tenera, mbegu ya kisasa ambayo wakulima wa Kigoma wanahamasishwa kupanda tangu serikali ilipolivalia njuga zao hili mwaka 2018 na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Ameipalilia miaka yote hiyo, ndiyo kwanza inaanza kuzaa.

Pakachafuka. Mama mtu analia, mpambaji anadai hela ya mafuta ya kirikuu, bi harusi yuko kwenye spika ya simu: "Shangazi jamani, ni siku moja tu!"

"Siku hiyo nitacheza mpaka kanga ichanike, mwanangu. Ila mchikichi mchanga haukatwi makuti."

Suluhisho alilitoa yeye mwenyewe. Kwenye ile michikichi mirefu ya zamani, ukivuna mkungu mara nyingi lazima ukate na kuti lililoukinga kwa chini ili panga lifike. Makuti hayo huwa yanabaki shambani tu. Uvunaji ulikuwa uwe wiki inayofuata, akausogeza ukawa Ijumaa. Kijana wa kupanda akapanda, mikungu ikashuka na makuti yakashuka nayo.

Mpambaji alinuna, maana mengine yalikuwa na ncha za njano. Ncha zikakatwa kwa mkasi. Miiba ikaparuliwa kwa panga, ile ikikuchana gauni la kukodi utalilipa mwenyewe. Usiku yakalazwa kivulini chini ya magunia yaliyolowa, Jumamosi yakaamka kama yametoka mtini sasa hivi.

Kwenye migomba nako shangazi hakulegeza. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, baada ya hapo unakatwa kupisha watoto wake, kwa hiyo alitoa ile iliyokwishavunwa. Wa kutoka kijiji kingine alikataa. Mnyauko ulioitesa migomba ya Kagera ulifika na Kigoma, na unasafiri kwa miche na kwa panga chafu. Mapanga ya vijana yakapitishwa kwenye moto kwanza. Walimuona mshamba. Wacha wamuone.

Kufungia walitumia kamba za migomba, siyo ribboni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini marufuku ile haikugusa maputo wala maua ya plastiki, na ndiyo yanayobaki yanapepea uwanjani baada ya kila sherehe mpaka mbuzi anayatafuna.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa rangi. Mpambaji alikuja na makopo ya rangi ya dhahabu ya kupuliza, na bi harusi aliipenda kufa. Shangazi akauliza swali moja: likishapakwa, nani atalila? Wakavutana mpaka wakakubaliana makuti sita tu, ya nyuma ya kiti cha maharusi.

Harusi ikapita. Shangazi alicheza kweli, na kanga ilipona.

Jumatatu ndiyo hamkuiona, maana hakuna aliyeposti. Wageni wameondoka, geti limelala chini. Kwa wengine hapo ni kiberiti na moshi mpaka jioni. Shangazi aliita wajukuu. Wakachambua vijiti vya katikati ya majani, zikatoka fagio kumi na saba, nne akabaki nazo na nyingine zikaenda sokoni. Mihimili mikubwa ikaenda kuziba ukuta wa banda la kuku, na makuti mazima manane yakawa paa la kivuli kwenye kitalu chake cha miche. Yaliyobaki yakatandazwa kati ya mistari ya michikichi yaoze taratibu na kurudisha mbolea. Lundo kubwa hakulitaka, kwa sababu kwenye mozo ndiko chonga anakotaga, halafu anahamia kwenye michikichi.

Mashina ya migomba yalipasuliwa kwa urefu yakauke upesi, fukusi wasipate maficho. Mengine yakakatwakatwa wakala mbuzi. Maboga yakapikwa siku hiyo hiyo, mbegu zikakaangwa. Vibuyu vikarudi kwa bibi wa jirani aliyeviazima, vyote, maana alikuwa amevihesabu.

Bi harusi kayajua haya kwa simu. Mpambaji sasa hivi ukimwambia unataka makuti anakuuliza kwanza nani anavuna wiki hiyo, na shangazi anamtoza. Zile tisa za Alhamisi hazijalipwa na mtu, na kila akipita pale anazigusa zilipokatwa.

Yale sita ya dhahabu yapo bado. Mbuzi kayanusa akaondoka. Kwenye fagio hayafai, shambani hayatakiwi, na kuyachoma kila mtu anaogopa ule moshi. Yameegemezwa nyuma ya choo, yanang'aa jua likiwaka, na watoto wa jirani wanakuja kupigia picha.